Nazi za Kisimani

Nazi ikianguka kwenye majani mabichi huguna. Ikianguka kwenye makuti makavu huchakarisha kama mtu aliyekalia gazeti. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupiga kofi. Ninyi mliozaliwa na masikio yenu mkaendelea nayo, labda hamjawahi kukaa mkayatofautisha haya. Mimi niliyatofautisha nikiwa na miaka minane. Ndiyo maana juzi, nikiwa dukani kwangu Dunda, nazi ilipodondoka uani kwa jirani, bisibisi ilinisimama mkononi, na mara moja nikawa mtoto tena, miguu peku, kule Zinga, kwenye kisima cha Mama.

Walisema sitasikia. Nilipoanza kusikia, wakasema sitasema. Niliposema, wakasema sitasoma. Mzee Mbaruku, jirani yetu wa mashamba, ndiye aliyelisema vizuri kuliko wote. Alimwambia Baba mbele yangu, akijua sisikii ila akisahau kwamba nina macho na midomo naisoma: "Pesa hizo bora ungenunua ng'ombe, Bwana. Ng'ombe angalau ukimwita anageuka."

Leo nina stashahada ya ufundi wa vifaa vya kusikia. Niliisomea India, kwa ada niliyoitafuta mwenyewe nikitengeneza simu Kariakoo, kisha nikaenda kufanya kazi Maskati miaka minne, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu na pesa zangu. Stashahada hiyo iko dukani ndani ya fremu ya kioo. Mafundi wengine hutundika zao juu, karibu na dari. Yangu nimeitundika chini kidogo, kwa sababu Mzee Mbaruku ni mfupi.

Lakini nianze na ugonjwa. Nilikuwa na miaka mitano nilipopata homa ya uti wa mgongo. Nililala nikisikia, nikaamka sisikii. Nakumbuka nilimwona Mama akipanua mdomo, nikadhani ananitania. Nilikaa kwenye ukimya huo miaka miwili. Madaktari walimwambia Baba kwamba kuna upasuaji, ila uko India, na usicheleweshwe.

Baba alikuwa mkulima mwenye minazi arobaini. Pwani kwetu mtu akiweka minazi rehani, minazi haiendi popote. Inabaki palepale shambani kwako, unaiona kila asubuhi ukipiga mswaki, lakini aliyekukopesha ndiye anayeangua nazi mpaka umrudishie pesa zake zote kwa mkupuo. Aangue mwaka mmoja, aangue kumi na tano, deni halipungui hata kwa kifuu. Mzee Mbaruku alishika minazi yote arobaini. Alipenda kutuambia kwamba riba ni haramu na yeye hali riba. Yeye alikuwa anakula nazi tu.

Pesa zilizopungua zilitoka kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, aliyetoa bangili zake mbili za dhahabu ziuzwe. Alizitoa kwa moyo, sikatai. Ila tangu siku hiyo, kila sikukuu alikuja kwetu, akanyoosha mkono mtupu kuchukua kikombe cha kahawa, akautazama, akatutazama na sisi, kisha akapuliza kahawa yake taratibu.

Kilichobaki ni minazi sita ya kisimani. Hiyo ilikuwa ya Mama, aliirithi kwa mama yake, na Baba alikataa kabisa iguswe. Nazi za minazi hiyo sita ndizo zilizoninunulia betri.

Huko India walinifungua kichwa nyuma ya sikio la kulia, wakazika kidude chini ya ngozi, na baada ya mwezi wakanibandika kingine kwa nje, kinachoshikwa na sumaku. Siku ya kukiwasha, Baba alinivalisha kanzu mpya kama ninakwenda Idd. Kilipowaka nililia. Nilitegemea sauti ya Mama irudi kama nilivyoiacha. Nikaletewa mlio wa mbu ndani ya kopo. Baba naye alikuwa mbu, daktari mbu, hata kilio changu mwenyewe kilikuwa mbu mkubwa zaidi.

Tuliporudi Zinga, watoto wa mtaani waligundua kwamba vizibo vya soda vinaganda kichwani kwangu, pale palipo na sumaku. Wakaniita Sumaku. Walipanga mstari kubandika vizibo, vijiko, hata funguo za baiskeli ya ustadhi. Nilitoza ubuyu, kipande kimoja kwa kila jaribio. Biashara niliianza mapema.

Nyumbani, Mama alinifundisha sauti moja moja. Daktari alimwambia anioneshe kinacholia, anitajie jina lake, kisha siku nyingine anifiche nikisie. Mama akalichukua agizo hilo kama ibada. Alijifunika mdomo kwa pindo la kanga ili nisisome midomo, akauliza, "Idi, umesikia? Nini hiyo?" Fagio la chelewa kwenye mchanga. Mbuzi ikikuna nazi. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Bawaba ya mlango wa uani na kuku wetu mweupe vililingana kabisa, na mara mbili nilikwenda kumfungulia kuku aliyekuwa tayari ndani. Nilishangaa kujua kwamba kandambili zina kelele. Nilishangaa zaidi kwamba mkojo una kelele, na kwa wiki nzima nilikuwa nikienda chooni bila haja, kusikiliza.

Wakati wa udhu nilikivua kile cha nje, kwa sababu maji na kifaa hicho haviivi. Dunia ilizimika nikipaka maji masikioni, ikawaka tena nikishamaliza. Polepole wale mbu wakaanza kuwa watu. Sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja Mama aliniita nikiwa uani, nikaitika, ndipo tukatazamana.

Kati ya sauti zote, niliyoipenda kuliko nyingine ni ya nazi kuanguka, kwa sababu ilikuwa kubwa na haikunidanganya. Mara ya kwanza wakwezi wa Mzee Mbaruku walipokuja kuangua, nilikaa kwenye kigoda, na kila nazi ilipotua nilipiga makofi na kupiga kelele, "Nimesikia! Nyingine! Nimesikia!" Baba alisimama kando, mikono nyuma. Mama aligeuza uso kuelekea kisimani akakaa hivyo hadi wakwezi walipomaliza. Nilidhani jua linamchoma. Nikaendelea kupiga makofi.

Miezi kadhaa baadaye walikuja tena. Baba alikuwa amekwenda Msata kuuza mananasi. Mimi nilikuwa barazani nabangua njugu, nasikiliza nazi zikiguna kwenye majani, moja baada ya nyingine. Halafu nikasikia kofi. Kisha kofi jingine.

Sikio moja halikwambii sauti inatoka upande gani. Hilo hadi leo siliwezi. Lakini shamba zima la Baba lilikuwa majani na makuti. Saruji ilikuwa mahali pamoja tu. Nilikimbilia jikoni. "Mama, wanaangua za kisimani."

"Umejuaje, nawe huna mwelekeo?"

"Zinapiga kofi."

Mama aliacha nazi nusu kwenye mbuzi, akajitanda kanga, tukaenda. Tulimkuta mkwezi juu ya mnazi wake wa tatu, na Mzee Mbaruku chini, akijaza pakacha.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku," alisema Mama. Hata mwizi alikuwa mkubwa wake.

"Marahaba, Mama Idi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Minazi hii ni yangu."

"Aa! Hizi tumeziokota tu, zimedondoshwa na upepo. Huyu kapanda kuangalia koroma kama zimeshakomaa. Nani kakuambia tunaangua?"

"Mwanangu kasikia."

Mzee Mbaruku alicheka mpaka kofia ikamlegea. "Kiziwi kasikia! Mama Idi, wewe utaniua. Kwanza umeniita mwizi, sasa unaniletea shahidi asiye na masikio." Kisha kicheko kikaisha, na naiona hadi leo namna kilivyoisha. "Basi tumpime. Mfunge macho. Nitaangusha nazi nne, aseme kila moja imeangukia wapi. Akizipata zote, za leo zote chukueni, na mguu wangu hautakanyaga hapa tena. Akikosa hata moja, umenisingizia wizi mbele ya watu, na minazi hii sita naiangua mimi mwaka mzima."

Mwaka mzima bila nazi za kisimani ulikuwa mwaka mzima bila betri. Nilikuwa nimeshaonja dunia yenye kandambili na vitunguu. Mama alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, naye akasema, "Haya." Akanifunga macho kwa kanga yake iliyonuka tui. Nilisimama ukingoni mwa sakafu ya kisima, miguu peku.

Ya kwanza iliguna. "Majani," nikasema.

Ya pili ikachakarisha. "Makuti."

Ya tatu ilikuwa kofi, lakini kofi zito, lenye maji. "Sakafuni. Ila si nazi, hilo dafu." Nikasikia mkwezi anacheka huko juu.

Hapo ndipo kifaa changu kililia mara mbili, mlio mwembamba ambao mimi peke yangu huusikia, kikazimika. Betri imekwisha. Na nyingine alikuwa anakuja nazo Baba jioni.

Sasa niwaambie ninyi jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata Mama. Ya nne sikuisikia. Nilisimama gizani, kimya kimenijaa kama zamani, na jasho likinitiririka ndani ya kanga. Niliwaza kusema kwamba betri imekwisha. Lakini nilijua Mzee Mbaruku angejibu nini. Ndipo nyayo zangu zilipotetemeka. Mtetemo mfupi, mgumu, uliopanda hadi magotini. Miaka miwili ya ukimya ilikuwa imenifundisha kusoma sakafu: nilijua Baba amerudi kabla hajafungua mlango. Nikasema kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia, "Sakafuni. Hii ni nazi."

Mikono ya Mama ikanifungua macho. Wakwezi walikuwa wanacheka na kupigana mabega. Midomo ya Mzee Mbaruku ilisema, "Bahati tu." Alimwaga pakacha, akaondoka. Hakukanyaga tena kisimani. Lakini ile arobaini aliendelea kuiangua, na Baba alikufa ikiwa bado mikononi mwake.

Hayo ndiyo niliyobeba kwenda nayo Kariakoo, na India, na Maskati. Wenzangu walibeba picha za wachumba. Mimi nilibeba hotuba. Niliitunga miaka mingi, nikaikata, nikaipamba, nikaikariri kwenye mabasi.

Mwaka huu nikalipa. Nilianza na Shangazi. Nilimpelekea bangili mbili nzito kuliko zile, na nilizichagua zile zinazogongana kwa kelele, ili kila anaponyanyua kikombe cha kahawa azisikie. Alizivaa, akazitikisa, akasema, "Mashallah, mwanangu, nilijua utafika." Bangili zinamjibu kwa niaba yangu kila siku.

Kesho yake nikamwita Mzee Mbaruku shambani. Nilimwekea kiti kwenye sakafu ya kisima, kwa ruhusa ya Mama, nikaita na wakwezi. Alikuja na mwanawe mkubwa. Nilimkabidhi pesa zake mbele ya mjumbe, zote kwa mkupuo kama alivyotaka, nikasimama wima na kuanza hotuba yangu.

"Eee?" alisema Mzee Mbaruku, mkono sikioni.

"Baba siku hizi hasikii," alisema mwanawe. "Sema kwa nguvu."

Hotuba ya miaka ishirini, jamani, na mwenyewe hasikii! Lakini mimi sikusomea ushonaji. Nilifungua mkoba, nikatoa kifaa kidogo cha kujaribishia wateja, nikamvalisha nyuma ya sikio na kukirekebisha kwa utaratibu wote niliofundishwa. Kisha nikampungia mkono mkwezi. Nazi ikapiga kofi kwenye saruji. Mzee alishtuka, macho yakamtoka. Midomo ilimcheza, sijui kwa hofu, sijui kwa furaha. Sikutaka kujua.

Nikazunguka nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee Mbaruku."

Akageuka.

"Vizuri," nikamwambia. "Angalau ukiitwa unageuka."

Alikumbuka. Niliona anavyokumbuka, na hotuba yote iliyobaki nikaiona haina kazi. Nikakivua kifaa, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha mkobani. "Mwambie baba yako," nikamwambia mwanawe, "kikimpendeza aje dukani. Bei zimebandikwa ukutani, chini ya stashahada."

Walipoondoka niliwaamuru wakwezi waingie kwenye ile minazi arobaini. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga begani, mkongwe sasa. Nazi ya kwanza ikaguna kwenye majani. Mama akapiga makofi. "Nimesikia!" akasema, akicheka kama msichana. "Nyingine!"

Nikageuza uso kuelekea kisimani. Jua halikuwa likinichoma. Nilisimama hivyo, nimewapa wote mgongo, hadi wakwezi walipomaliza.