Mikongojo Ishirini na Miwili Upande Mmoja

Kwa miaka ishirini na sita Bi Foleni alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi ya kituo cha afya, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akiifuata foleni. Jina hilo alibandikwa na wagonjwa wenyewe, nusu kwa kumtania, nusu kwa kumshukuru. Uliyefika alfajiri na mafua yako ulipitwa na mtu aliyefika saa tatu akihema. Bi Foleni hakuuliza nani katangulia. Alinyanyua miwani, akapitisha macho kwenye mabenchi yote manne, kisha akanyoosha kidole: wewe, na wewe mwenye mtoto, na yule babu aliyeegemea ukuta. Mwenye mafua akinung'unika, alijibiwa papo hapo.

"Mwanangu, kama una nguvu za kulalamika, una nguvu za kusubiri."

Na mtu apewe haki yake: alikuwa akipatia. Wauguzi walisema jicho lake lilishinda kipimajoto, hasa kile cha chumba namba mbili kilichokuwa kikimpa kila mtu homa. Basi Daktari alipotaka mtu mwaminifu wa kugawa bahasha za utafiti wake wa magoti, hakutafuta mbali.

Daktari alikuwa binti mdogo wa umri, mwenye digrii mbili na raba nyeupe, aliyehangaika miaka miwili kupata kibali cha kupima kidonge kipya cha maumivu ya magoti. Alitaka wagonjwa sitini. Thelathini wapewe kidonge chenyewe, na thelathini wapewe kingine cha rangi ile ile, ukubwa ule ule na uchungu ule ule, ila ndani hamna dawa. Siku ya kuwaeleza wagonjwa alisimama mbele ya ukumbi akasema kwa sauti safi kwamba nusu yao watapewa dawa bandia.

Loo. Neno bandia watu walikuwa wamelisikia kwenye taarifa ya habari, pamoja na polisi na maboksi yaliyokamatwa. Ukumbi mzima ulianza kutafuta mikoba yake. Ni Bi Foleni aliyesimama na kuwatuliza.

"Kaeni. Hapa hakuna bandia. Kuna kidonge chenye dawa na kuna kidonge kitupu. Kitupu hakidhuru, hakiponyi. Na hakuna anayejua nani kapata kipi. Hata Daktari mwenyewe hajui."

"Hata yeye hajui?" aliuliza mwanamke mmoja wa mstari wa mbele. "Sasa alisomea nini?"

Huyo alikuwa mama mkwe wa Bi Foleni. Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe, na magoti yake yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba kila alipoinuka kitini nyumba nzima ilijulishwa. Yeye na mkaza mwana wake hawakugombana. Walisalimiana vizuri tu, kwa adabu, kama majirani wenye kesi ya mpaka.

Masharti ya bahasha yalikuwa machache. Zilikuwa sitini, zimefungwa kwa gundi, zina namba kuanzia moja. Ndani ya kila moja mlikuwa na karatasi iliyoandikwa ama "nyeupe" ama "buluu", yaani chupa yenye kifuniko cheupe au yenye kifuniko cha buluu. Chupa ipi ilikuwa na dawa, alijua mtu mmoja tu, mtakwimu wa makao makuu, naye siri hiyo kaifungia kabatini. Kazi ya Bi Foleni ilikuwa kuchukua bahasha inayofuata kwa namba, kuifungua mbele ya mgonjwa, na kumpa chupa yake.

"Usichague, Mama," Daktari alimsisitizia. "Wacha nasibu ichague. Tukichagua sisi, hata bila kukusudia, tutapendelea."

"Mimi nipendelee?" Bi Foleni aliuliza, na siku hiyo hakumsemesha tena mtu.

Bahasha ya kwanza ilimwangukia Fundi Viatu, mzee aliyefika akijiburuta na mkongojo. Akapata buluu. Siku ya nne alirudi bila mkongojo, akasimama mbele ya dirisha la mapokezi, akachuchumaa. Alichuchumaa mpaka akapotea kabisa, Bi Foleni ikambidi ainuke kitini ili amwone. Kisha akasimama bila kushika kitu, akacheka, akaenda zake. Kuanzia dakika hiyo Bi Foleni hakuhitaji mtakwimu. Buluu ndiyo dawa.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuwa benchi la kwanza, amekunja uso, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Bahasha iliyofuata ilikuwa namba saba. Sasa, zile bahasha zilikuwa nyepesi, na mezani kulikuwa na taa ya balbu. Bi Foleni hakukusudia. Mkono wenyewe ulipita karibu na taa, na macho kwa kuwa yapo, yakaona: nyeupe. Aliangalia benchini. Aliangalia namba nane: buluu. Saba ikarudi nyuma ya nane, na mama mkwe akaondoka na kifuniko cha buluu akilalamika kwamba chupa ni ndogo. Namba saba alipewa mwalimu wa michezo, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyeumia goti akiruka kamba na watoto. Huyo, kwa hesabu za Bi Foleni, angepona hata kwa maji ya bomba.

Ukishavuka mara moja, mara ya pili huoni mto. Kila asubuhi alifanya alichokuwa akikifanya miaka yote: alinyanyua miwani, akapima mabenchi, akatazama nani anaumia zaidi. Wenye mikongojo wakapata buluu. Wanaocheka na simu wakapata nyeupe. Namba zikijaa kwenye daftari bila mapengo, nani angejua? Na roho yake ilikuwa nyeupe kabisa. Hata usingizi wake ulinenepa.

Nyumbani mambo yalimthibitishia. Wiki ya tatu mama mkwe alitangaza kwamba amefika dukani na kurudi kwa miguu yake. Hakushukuru mtu, alitangaza tu, lakini Bi Foleni alijigeuza akatabasamu ukutani.

Za mwizi ni arobaini, na za Bi Foleni zilitimia wiki ya kumi na mbili, siku mtakwimu alipokuja kufungua siri. Wauguzi walikuwa wamempa jina la Bwana Wastani, kwa sababu kila alipoulizwa hali alijibu, "Wastani." Walikusanyika chumba cha mikutano, soda zikapangwa mezani. Bwana Wastani akachana bahasha yake akasoma.

"Chupa nyeupe ndiyo ilikuwa na dawa. Buluu ni kitupu."

Akaendelea bila kuinua kichwa. Maumivu yalipimwa kwa sifuri mpaka kumi. Baada ya wiki nane, waliokunywa nyeupe walikuwa wamebaki na mbili. Wa buluu walikuwa kwenye sita. Daktari alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wauguzi wakapiga makofi, vizibo vikaruka.

Bi Foleni peke yake hakufungua soda. Alikuwa amewachagua waliochoka kuliko wote, mmoja mmoja, kwa huruma yake yote, halafu akawalisha unga mtupu kwa wiki nane. Na wa kwanza wao alikuwa mama mkwe wake.

"Kuna jambo dogo," alisema Bwana Wastani, na makofi yakapungua. "Kabla ya kutazama nani kapona, huwa natazama watu walikuwaje kabla ya kidonge cha kwanza. Makundi mawili yakigawanywa kwa nasibu, hufanana. Hapa kundi la nyeupe lina wastani wa miaka arobaini na minne. La buluu, sitini na minane. Kundi la nyeupe lina mikongojo mitatu. La buluu lina mikongojo ishirini na miwili."

"Nasibu si inaweza kufanya lolote?" Daktari aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Inaweza. Ila ungeurudia utafiti huu mara elfu kumi, sidhani kama ungeiona hata mara moja. Sijui kilichotokea. Naweza kujaribu kurekebisha kwa hesabu."

"Basi rekebisha."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Bi Foleni angeweza kunywa soda yake na kurudi dirishani. Miaka minne tu ilibaki astaafu, na hakuna aliyemtazama. Lakini aliwaza Daktari akisimama mbele ya ule ukumbi, akiwaambia watu kidonge hiki kinaua maumivu. Huenda kinaua kweli. Huenda kinawafaa walimu wa michezo tu. Hakuna ambaye angejua tena, wala kwa hesabu wala kwa dua, na aliyevuruga ni yeye.

"Msirekebishe," alisema. "Si nasibu. Ni mimi."

Akaeleza yote, taa, saba na nane. Bwana Wastani alitoa kalamu.

"Ulijuaje buluu ndiyo dawa?"

"Fundi Viatu alichuchumaa."

"Wangapi walichuchumaa?"

"Mmoja." Akafikiri kidogo. "Lakini alichuchumaa mpaka chini."

Bwana Wastani alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mama, mtu huja hospitali siku goti limepanda kileleni pa maumivu. Kutoka kileleni njia ni ya kushuka, unywe dawa, usinywe. Ndiyo maana tunachukua wengi, na ndiyo maana tunaweka kitupu. Mmoja hasemi kitu, hata akiruka sarakasi."

Daktari alikuwa akilia kimya kimya. "Kwa nini, Mama?"

"Mwanangu, miaka ishirini na sita mmenilipa nione nani anaumwa zaidi. Halafu siku moja mkaniambia nisione." Alifuta pua kwa kanga. "Ningewaambia siwezi. Nikaona aibu."

Bwana Wastani aliyaandika maneno hayo, na inasemekana safari iliyofuata alipendekeza namba zitolewe kwa simu kutoka makao makuu, asibakie mtu na bahasha wala taa. Utafiti ulifutwa ukaanza upya na wagonjwa wengine sitini. Bi Foleni alipewa barua ya onyo, na adhabu juu yake: aende mwenyewe kwa wale wa buluu, wote thelathini, awaambie walichokuwa wakinywa.

Alizunguka siku tano. Fundi Viatu alikataa kuamini, akachuchumaa tena kuthibitisha, safari hii ikabidi ainuliwe. Nyumbani alipaacha mpaka mwisho.

Mama mkwe alikuwa uani, sinia la maharage mapajani, anachambua. Alisikiliza hadithi nzima bila kuinua macho, akitupa vijiwe pembeni.

"Kwa hiyo nilikuwa nakunywa unga."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na wewe ulidhani ni dawa."

"Nilidhani ni dawa."

"Tulikuwa watu wangapi?"

"Sitini."

Vijiwe viwili vikaenda pembeni. "Na kazi?"

"Wamenipa barua. Kidogo wanifukuze."

Bibi kizee alijaribu kuunyoosha mguu mmoja, ukakataa, akauacha.

"Nimezaa wanne," alisema hatimaye. "Nimewasomesha wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniibia nafasi ya mbele, hata kwenye foleni ya benki."

Kisha akalisogeza lile sinia mpaka likakaa katikati yao wawili. Bi Foleni alikaa chini, akaanza kuchambua upande wake, na machozi aliyoyazuia mbele ya Daktari, mbele ya Bwana Wastani na kwenye nyumba ishirini na tisa za watu, yakamshinda.

"Taratibu," mama mkwe alisema. "Unaniloweshea maharage."