Habari Aliyoshindwa Kuifikisha Nyumbani

Mume wangu ni mhudumu wa chumba cha maiti, na kazini wanamwita Bwana Taratibu. Yeye ndiye anayewapokea ndugu wa marehemu. Hamwambii mtu akiwa amesimama. Huvuta kiti kwanza, hungoja akae, ndipo anaposema, tena kwa maneno machache. Kwa watu baki hajawahi kubabaika. Nyumbani ndiko alikokwama.

Mdogo wake, dereva wa lori, alifia safarini katika nchi ya mbali, akazikwa huko huko. Siku hizo mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa, na ndugu wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Nguvu akapata. Akaanza hata kunigombeza kwa sababu ya chumvi, dalili ya afya njema kabisa. Lakini kila mtu akamtupia mwenzake mpira, na uongo ukazidi kunenepa: mara shemeji anasalimia, mara simu yake imeharibika. Mama akijibu kwamba naye anamsalimu, mume wangu hutoka nje kama mtu aliyesahau kitu.

Basi mwalimu wa masomo ya jioni tunayohudhuria mtaani akaandaa tamthilia ya Wagiriki wa kale. Alitueleza kwamba hadithi zile zimezunguka dunia nzima, na kila zinakofika watu huzivisha nguo zao: kwingine mfalme amekuwa mkuu wa gereza, kwingine mwenye kiwanda. Yeye akamfanya tajiri wa malori. Nikasema moyoni kwamba Wagiriki wenyewe wakifufuka watakuja kudai mali yao. Jambo moja tu liliniingia: katika tamthilia zile mtu hafi mbele ya watazamaji. Anafia huko nyuma, kisha anaingia mjumbe kusimulia. Mume wangu, ambaye hata harusini hajawahi kuimba, akaomba awe mjumbe. Nilimcheka mpaka akaninunia.

Mazoezini, kila alipofika kwenye neno "mwanao" alikwama. Mwalimu akadhani ni haya tu. Mimi nilijua, na nilimwonea huruma hadi nikapandwa na hasira. Nilimwambia wazi kwamba anayetakiwa kuambiwa hayuko jukwaani, yuko jikoni kwetu anachambua maharage. Akarudi kukariri maneno yake.

Siku ya onyesho mama mkwe akavaa viatu vyake vya kutokea, akakaa mstari wa mbele. Mke wa tajiri, aliyeigizwa na jirani yetu mwenye duka, alitakiwa aipokee habari amesimama, mikono juu. Mume wangu akaingia, akamvutia kiti. Dada wa watu akaduwaa, akakaa.

"Mama, mwanao amefariki," akasema kwa sauti ile ile ya kazini, macho chini. "Tumemzika bila wewe."

Sentensi ya mwisho haikuwamo kwenye tamthilia. Watu walipiga makofi. Mama mkwe hakupiga.

Tulirudi nyumbani. Tulipoingia ndani mama mkwe akavua viatu, akamgeukia mwanawe.

"Yule umemwambia vizuri," akasema. "Mimi utaniambia lini?"

Mume wangu akaanza kujieleza kwamba tulihofia afya yake. Mama akamkatiza, bila ukali. Alikuwa amejua tangu zamani, kwani mwanawe yule hakuwahi maishani kutuma salamu bila kuomba kitu.

"Nilikuwa nawasubiri mseme, nipate kulia," akasema. "Nitamliliaje mtu mnayeniambia ananisalimia?"

Niliona aibu, nikakaa chini sakafuni. Mume wangu akamweleza yote: ajali, hospitali, wenzake waliochimba kaburi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani alimfumba macho?"

Mume wangu amewafumba macho watoto wa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Sijui, mama," akasema, na akaanza kulia kabla yake.