Boriti Fupi ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtaa mzima humwita Timazi, kama ule uzi wenye kichuma mwishoni ambao fundi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alilipata kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya watu akakaa kama watu. Atakaribishwa kiti, na jicho tayari liko juu. "Dari yenu inateremka kushoto," atasema, hata habari za nyumbani hajauliza. Amepigilia dari miaka arobaini na sita na sijasikia hata moja imeanguka. Na mimi simsifu mtu bure.

Nyumba wanayokaa ilikuwa ya marehemu baba yetu. Imejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo chini yake kuna chumba kikubwa, nusu yake imezama ardhini. Miaka yote kilikuwa makazi ya baiskeli mbovu, magunia, na panya wawili watatu wenye adabu zao. Mwaka huu binti ya Timazi, ambaye anashona mapazia, aliamua kuhamishia kazi yake humo. Alichoka kushonea sebuleni kwa mama yake, kila mgeni akikaa anakalia pini. Ushonaji huo nilimfundisha mimi, na mshono wake hauna aibu.

Mbao za dari ya zamani zilikuwa zimeoza kwa maji ya bomba la jikoni. Timazi akazing'oa mwenyewe kwa siku mbili, hataki kusaidiwa. Siku ya tatu binti akashuka pamoja nami, akatazama juu, akapiga makofi.

"Baba, iache hivi hivi!"

"Hivi hivi vipi?"

"Wazi. Boriti zionekane, mabomba yaonekane, tupige rangi nyeupe, basi. Tazama kimo tulichopata! Pazia refu nitalitundika lote, mteja alione linavyoshuka. Ukirudisha dari, pazia litalala sakafuni kama mgonjwa."

"Chumba bila dari ni mtu aliyevaa koti bila shati. Na mabomba je? Mteja anachagua kitambaa, juu ya kichwa chake maji ya vyombo yanapita ngurungurunguru!"

"Atajua tunaosha vyombo."

"Na mama yako akitembea huko juu na viatu vyake?"

"Nimesikia!" mdogo wangu akajibu kutoka jikoni. Kwa kweli alisikika kama yuko nasi. Hapo Timazi akatuangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini binti hakukubali. Jumamosi alikuwa anamtarajia mama mmoja mwenye ukumbi wa mikutano, wenye madirisha marefu kama milango. Mteja wa namna hiyo hakuwahi kumpata. Akasema kwa upole, "Baba, nyumba ni yenu. Ukitaka dari, weka. Mimi nitatafuta chumba kwingine, maana humu pazia halitatundikika." Akapanda ngazi taratibu. Timazi akabaki ameshika nyundo, na uso umemshuka, kwa sababu huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu nao.

Ndipo nikaona kitu. Mbao zote zilikuwa zimeng'olewa isipokuwa kona moja, juu ya mlango wa stoo.

"Hapo mbona umeruka?"

"Misumari yake migumu."

Misumari migumu! Mtu aliyeanza kung'oa misumari kabla binti yake hajazaliwa! Nikaenda zangu. Nilijua kilichofichwa pale, tena nilikijua kuliko yeye.

Zamani, alipokuja kumposa mdogo wangu, baba alimwambia, "Nitengenezee sakafu ya juu ya chumba cha chini, tuone kama mikono yako inafanana na maneno yako." Timazi alikuwa bado anajifunza kazi. Alipima nafasi ya boriti kwa futi ya chuma ya bosi wake, akaandika ukutani kwa mkaa. Boriti mbili zikakaa vizuri. Mchana bosi akaondoka na futi yake, na baba alikuwa anarudi jioni. Timazi akaja mbio kuniazima futikamba yangu ya kushonea.

Nikampa. Sasa, futikamba ile nilikuwa nimeiunguza ncha kwa pasi ya mkaa, nikakata inchi tatu za mwanzo. Mimi nilizoea. Nikisoma thelathini, najua ni ishirini na saba. Yeye sikumwambia. Akakata boriti ya tatu, wakaiinua yeye na kibarua, ikaning'inia hewani, haifiki ukutani. Jasho lilimtoka! Akaunga kipande, akakibana kwa mbao pande zote mbili, akafunika na dari kabla baba hajafika. Baba akapita juu akiikanyaga sakafu kwa nguvu, kisha akasema, "Mpeni maji ya kunywa." Tukajua kapita. Nami nikakaa kimya. Nilikuwa mshonaji anayesifiwa. Ningesemaje kwamba futikamba yangu ni kilema?

Ijumaa asubuhi nikashuka. Timazi alikuwa amekaa juu ya ndoo, anaiangalia kona yake.

"Shemeji, ni misumari au ni boriti ya tatu?"

Akageuka. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo. Na kosa si lako. Ile futikamba ilikuwa imekatwa inchi tatu, nikasahau kukwambia. Halafu nikaona haya kukwambia."

Akanikazia macho mpaka nikaanza kutafuta mlango.

"Wewe mwanamke!" akasema hatimaye. "Tangu siku ile napima kila kitu mara tatu! Naamka kitandani kwenda kupima kitu nilichokwisha kupima! Mpaka watu wameniita Timazi!"

"Basi jina zuri nimekupa mimi. Shukuru."

"Nishukuru? Nilidhani mimi ndiye mjinga!"

"Sasa unajua mjinga ni nani. Ng'oa."

Akacheka mpaka ndoo ikalia. Akapanda ngazi, na misumari migumu ile ikatoka kwa dakika tano. Binti aliposikia vishindo akaja, akaikuta boriti na kiraka chake kiko wazi. Akapapasa maungio. "Baba, hiki ulikifunga ukiwa na umri gani? Hakijalegea hata kidogo." Timazi akajidai anatafuta penseli yake.

Mchana kutwa wakapiga rangi. Mabomba Timazi aliyafunga matambara mazito yasilie, na mdogo wangu akanunuliwa ndara.

Jumamosi mama mwenye ukumbi akaja. Pazia likashuka toka juu mpaka chini, akazunguka nalo mara mbili, akapenda. Kisha akainua macho, akaona kile kiraka cha boriti. "Pale palitokea nini?"

"Muulize huyo bibi mwenye sindano," akasema Timazi.

Nikasimulia, ningefanyaje? Yule mama alicheka hadi akakaa juu ya meza ya kukatia. Akaagiza mapazia ya madirisha kumi na moja, kwa sharti kwamba vipimo atachukua Timazi, si mimi.