Kifurushi cha Bi Aili Kilichopita Mlangoni Kwake

Niliwahi kuona mzigo ukipita mlangoni kwa mwenyewe bila kusimama. Na aliyeupandisha kwenye lori ni mimi.

Nafanya kazi ya vifurushi huku Calumet, kaskazini kabisa mwa Michigan. Theluji kwetu si habari, ila ile ya Januari ilikuwa kiboko. Barabara zilifungwa, matrela ya mizigo yakajaa uani kwetu.

Shida ya trela ni moja: kilichotangulia kuingia kinakaa ndani kabisa. Barabara zikifunguka, vya mlangoni ndivyo vinatoka kwanza. Aliyeagiza jana anapata leo, wa wiki iliyopita anabaki kukodoa macho dirishani.

Wa wiki iliyopita alikuwa Bi Aili Ojanen, mjane aliyetupikia shuleni tukiwa wadogo. Mashine ya kupasha joto nyumba yake ilikufa, na kipuri chake kilikuwa huko ndani, nyuma ya mizigo yote.

Kila asubuhi alipiga simu. Hakugomba. Bora angegomba.

"Kenny, bado?"

"Bado, bibi. Kipo, nakiona kwenye kompyuta."

"Kompyuta haipashi moto, mjukuu wangu."

Nilimfuata bosi wetu, Darlene, nikamwomba nipande juu ya mizigo nikakitoe. Akakataa. Akaniuliza ikiniporomokea atamwambia nini mke wangu. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa hajalala kwake tangu dhoruba ianze.

Asubuhi moja simu haikulia.

Nikapiga mimi, haikuita. Nguzo za umeme na simu za upande wake zilikuwa chini.

Mchana huohuo tukafika mwisho wa trela. Kiboksi chake hicho hapo, saizi ya boksi la viatu. Nikakipitisha kwenye mashine ya kusoma lebo, mashine ikakikataa: kirudishwe kilikotoka.

Kumbe kila siku barabara ilipofungwa, mfumo uliandika kwamba tumempelekea tukamkosa. Ukimkosa mtu mara tatu, mzigo wake unarudi. Sisi hata getini hatukuwa tumetoka.

Darlene akapiga simu makao makuu. Wakamwekea muziki asubiri, akasubiri mpaka akachoka, akaweka simu chini.

"Pandisha kwenye lori la kusini, kirudi," akaniambia, bila kuniangalia.

Nikitoka nacho, nimeiba. Nikapandisha.

Nikawasha gari langu, nikaenda kwake mikono mitupu. Barabara ilikuwa imefunguliwa siku hiyo. Nyumba kimya, madirisha yameganda kwa ndani. Niligonga mpaka ngumi ikauma, nikaingia. Maji ya birika yamekuwa barafu. Kitanda kitupu. Nililia, sifichi.

Nilipotoka nje nikanusa moshi.

Nyuma ya nyumba, bomba la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, lilikuwa linafuka. Nikafungua mlango. Bi Aili kakaa kwenye benchi na paka wake, soseji inaiva juu ya mawe ya moto.

"Funga mlango, unaniingizia baridi. Umeniletea?"

"Hapana, bibi."

"Nilijua. Vua buti, kahawa ipo."

Sisi Wafini wa huku, wenye asili ya Finland, kila nyumba ina sauna ya kuni, hata kwangu ipo. Nilivyopagawa na kile kiboksi, haikunijia kichwani kabisa. Bi Aili alihamia humo tangu siku ya kwanza, na kuni alizipasua na kuzipanga mwenyewe kiangazi.

Tukanywa kahawa. Kwenye kidirisha nikaliona lori la kusini linakuja, taa zimewashwa, likapita mbele ya nyumba.

"Na lile nalo linakimbilia wapi?" akauliza.

Nikainuka, nikaongeza kuni motoni.

Ndugu yangu unayesoma, agiza upendacho, ila kuni zako zipange mapema. Na kama kuna bibi anayekupigia kila asubuhi, nenda kamwone wakati simu bado inalia.