Kidole Kidogo cha Wifi

Wifi yangu ni fundi wa nguo, na kama hujajaliwa wifi wa namna hiyo, shukuru. Kabla hajakusalimu ameshakushika upindo wa gauni, ameufikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, na ametoa hukumu: "Mwenzangu, hii poliesta. Umedanganywa." Siku ya harusi yangu alinikumbatia, akanipapasa mgongo, akaninong'oneza kwamba bitana ya gauni langu ilikuwa ya mapazia. Nilimchukia palepale. Baadaye nikagundua alisema kweli, nikamchukia zaidi.

Tunafanya kazi karakana moja. Mimi nashona matundu ya vifungo. Yeye anakaa kwenye meza ya mlangoni, ya kupokelea vitambaa. Muuzaji akileta jora, wifi anafumba macho, anafikicha, anasema limefumwa kwa nini, na hakosei. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki, binti yake ameolewa, imebaki meza. Kila asubuhi anaifuta yeye mwenyewe, na ole wako uweke kikombe cha chai juu yake.

Siku moja akaanza vituko. Badala ya kufikicha, akawa ananyoosha kidole chake kidogo na kukipitisha juu ya kitambaa taratibu, kwa madaha.

"Ndivyo wanavyofanya mafundi wakubwa," alisema, pua juu.

Basi! Wiki haikuisha, karakana nzima ikawa inapapasa kwa kidole kidogo. Mkataji anapapasa, mpiga pasi anapapasa, hata mzee wa kufagia alionekana akipapasa mpini wa ufagio. Mwenye karakana akaanza kuwatambia wateja kwamba ile ni mbinu yetu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini nikawa najiuliza, huyu mtu ana nini?

Jibu lilikuja kwa njia ya pua. Wifi alikuwa anapiga pasi kola huku akilalamika kwamba kaka yake, yaani mume wangu, amekonda kwa sababu yangu. Utamu wa kunisema ulipomkolea, kidole chake cha shahada kikaegemea bati la pasi. Kikatulia hapo. Na yeye anaendelea kusema tu. Nikasikia harufu.

"Wifi! Unaungua!"

"Nani?" akauliza, akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha jirani.

Nikamwambia achague: twende kwa daktari, au nipande juu ya kiti niitangazie karakana. Aliniita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Tukaenda.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Alimwambia wifi afumbe macho, akaanza kumgusa vidole kwa kipande cha pamba. Kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Cha kati, kimya. Cha pete, upande mmoja kimya, upande wa pili wifi akasema, "Hapo nasikia."

"Na hapa?" Daktari alikuwa amefika kidole kidogo.

"Hapo nasikia vizuri sana. Na hiyo pamba yenu imechanganywa."

Daktari akacheka, akavuta kiti karibu. "Mama, ngozi ya kidole haijui hariri wala haijui moto. Yenyewe inatuma habari tu. Habari inaingia kwenye mshipa wa fahamu, inapita hapa kwenye kifundo cha mkono, inapanda mkono mzima, inaingia uti wa mgongo, inavuka upande wa pili, ndipo inafika kwenye ubongo. Huko ndiko mtu anakosema 'hii hariri'."

"Na pasi je?" nikadakia. "Mimi nikiigusa, mkono unaruka kabla sijajua kitu."

"Kwa sababu uti wa mgongo hausubiri ubongo. Ukipokea habari ya moto unaamuru mkono utoke, maumivu unayasikia baadaye. Habari za mama hazifiki hata huko. Zimekwama hapa." Akamgonga kifundo kidogo tu, na wifi akaruka kama aliyepigwa shoti vidoleni.

Miaka ya kubana mkasi, daktari alisema, imefanya njia ya kifundoni iwe nyembamba, na mshipa umekabwa. Kidole kidogo kimesalimika kwa kuwa mshipa wake una njia nyingine, unapita kiwikoni, palepale ambapo ukijigonga unaona nyota.

"Na uso?" wifi akauliza kwa upole mwingi. "Nao habari zake zinapita mkononi?"

"Hapana, mama. Uso una mishipa yake, inaingia kichwani moja kwa moja."

Swali lile lilipaswa kunishtua. Sikushtuka.

Daktari alisema dawa ni upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa nafasi, na kwamba akichelewa sana mshipa utanyauka na vidole havitarudi tena. Wifi akainuka, akasema atafikiria. Njiani akanishika mkono.

"Wakijua sisikii, wataniweka kukunja shuka. Nikitoka kwenye meza ile mimi ni nani? Wifi, nakuomba, usifungue mdomo."

Hajawahi kuniomba kitu tangu niolewe. Nikafunga mdomo, lakini mikono yangu sikuiahidi. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga bandeji ya kile kidole kilichoungua kila asubuhi, na siku aliyotarajiwa muuzaji mkubwa niliifunga pana kidogo, ikakimeza na kile kidole kidogo. Vidole vya kushoto navyo vilikuwa na ganzi ileile, na kidogo chake kilibanwa na mlango utotoni, tangu hapo ni pambo tu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: atakwama, atajitia mgonjwa, nami nitamkokota hadi hospitali.

Muuzaji akaweka jora mezani. Wifi akaitazama bandeji. Akanitazama mimi. Akaelewa yote, mwanamke yule! Akainama taratibu, akalaza shavu juu ya kitambaa, akafumba macho.

"Umechanganya. Rudisha."

Muuzaji akalibeba jora lake. Kesho yake karakana nzima ilikuwa imelaza mashavu mezani kama watoto wa chekechea saa ya kulala. Nilitamani kumnyonga.

Kisha binti yake akajifungua. Tulikwenda kumwona mtoto, wifi akampakata, akaweka kidole gumba na cha shahada kwenye kale kashavu, akafikicha polepole. Akarudia. Nyumba nzima inamtazama, inangoja hukumu yake.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini, "ngozi yake ikoje?"

"Tumia kidole kidogo," nikamnong'oneza.

"Kidole kidogo ni cha kuwatapelia wauzaji. Mjukuu wangu nimguse kwa hila?"

Akamrudisha mtoto kwa mama yake.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwenye karakana akasema kila kitu. Yule bwana akamwambia meza itamngoja, kisha akauliza kwa wasiwasi kama mashavu tuendelee nayo au vipi. Wifi akapasuliwa. Alipotoka kidonda kikapona, lakini vidole vilikuwa vinarudi kwa kusuasua, leo mchonyoto, kesho ganzi tena. Akawa anakunja shuka kwa hasira na kunitazama mimi mezani kwake, nilikoshikizwa nafasi hadi apone, ambapo katika juma la kwanza tu nilipokea jora zima la bitana ya mapazia nikidhani ni kitani. Alitabasamu tu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe siku binti wa wifi alipomleta karakana. Cherehani zote zilinyamaza. Wifi akafumba macho, akanyoosha mkono, gumba na shahada, akalishika lile shavu. Akakawia.

"Pamba," akasema. "Haijachanganywa na kitu."

Kisha, macho bado kayafumba, akapapasa hewani mpaka akanipata, akanifikicha shavu kwa nguvu zake zote.

"Na hili ni turubai."

Nililia mbele ya watu wote, nikamgeuzia na shavu la pili.