Maji ya Baridi Chini ya Jua la Azaiba

Enzi zetu sisi tuliotoka Unguja wadogo tukaletwa Maskati, kwenye ile miaka ya sitini, hapana aliyetufunza habari za mbingu ya nchi hii. Skuli mimi sikuingia. Mtoto wa kike alikuwa hana skuli. Nilichosoma ni Juzuu Amma na cherehani, na kwa cherehani hiyo leo nna maduka mawili Ruwi, alhamdulillahi. Anayetaka kukicheka Kiswahili changu na acheke.

Tulikaa Azaiba, pwani, kibanda cha makuti ya mtende, mchanga mpaka ndani ya bokoboko. Kutwa tukicheza rede, nyayo zinaungua, papa mkavu ananuka juu ya paa la jirani. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu. Basi kila wadi, yaani mto mkavu utokao milimani, ikishuka maji na kuacha vidimbwi vya maji matamu, mama alijitwika nguo tukaenda kufua humo humo ndani ya wadi. Kwetu Unguja mvua unaiona inakuja, unaisikia kwenye mabati, unakimbilia ndani. Juu pakiwa na jua, basi ni jua. Hiyo ndiyo ilimu tuliyokuja nayo, nayo ilitaka kutuua.

Jirani yetu Bi Shamsa alikuwa mwanamke wa milimani aliyeolewa pwani. Akituhadithia, kwa Kiarabu chake cha mbio, kuwa kwao Jabal Akhdar siku za baridi theluji huanguka ikalala juu ya mikomamanga. Chini kidogo ikawa mvua ya mawe, chini zaidi mvua ya maji, na huku pwani lisifike hata tone. Mama akipiga makofi kwa kicheko.

"Theluji ya Arabuni! Na sisi hapa tunatota jasho? Muongo huyu, mwanangu. Muitikie tu."

Bi Shamsa alikuwa pia akitugombeza kwa kufua wadini, na mama akidhani anatuonea choyo cha maji.

Siku moja jua lilikuwa limewaka. Mama kamlaza mdogo wangu Nasir, hata kutambaa hajui, kwenye kivuli cha mkunazi katikati ya wadi. Kanga zetu za Unguja zimeanikwa juu ya mawe. Mbali huko milimani peusi kama mgongo wa sufuria. Mama akatazama, akasema, "Mvua hiyo yao wa huko," akaendelea kufikicha.

Mara Bi Shamsa huyo juu ya ukingo, anapiga kelele. "Tokeni! Wadi inakuja! Tokeni!"

"Kaanza tena," mama akaniambia. "Maji ya Mungu, kayanunua yeye?" Akamjibu kwa Kiarabu chake kibovu kuwa anamalizia nguo mbili tu.

Mimi nilihisi kwanza miguuni. Kidimbwi nilichosimama kilikuwa vuguvugu. Ghafla ukapita ulimi wa maji ya baridi, baridi ya kukata mfupa, na jua lile utosini. Kokoto zikaanza kugongana. Kisha mngurumo, si wa juu, wa chini. Kwenye kona ya wadi likatokea tope limesimama kama ukuta, limebeba matawi na mbuzi.

Mama alitupa nguo akakimbilia mkunazi, kanga ikamnasa miguu, akaanguka kifudifudi. Bi Shamsa akateremka mbio, akampita, akamnyakua Nasir kwa mguu mmoja kama kuku, mkono wa pili akanishika nywele. Mama akainuka akaing'ang'ania nguo yake kwa nyuma. Maji yalitufika mapajani tunapopanda. Tulipogeuka, mkunazi hapana. Kanga hapana.

Mama meno yanagongana kwa baridi ya maji yale. Bi Shamsa akampiga kofi la bega. "Haya, umeyaonja maji ya kwetu. Muongo nani?"

Tangu hapo mpaka anakufa, mama akiona wingu milimani alitufungia ndani, hata kama kwetu kweupe.

Siku hizi simu zinalia onyo tangu jana yake, na vijana ndio kwanza wanawasha magari. Jabal kumeanguka theluji! Wanavuka mawadi na kandambili zao wakapige picha. Sisi tulikuwa wajinga, nakubali, lakini palikuwa na jirani wa kukuvuta nywele hata kama umemwita muongo. Wangu wa leo jina simjui, yuko nyuma ya ukuta na kiyoyozi chake.

Juzi kule juu kulifanya weusi, na wajukuu zangu wamekwisha kufunga safari. "Bibi, mbona hapa jua tu?" Nikachukua funguo za gari nikazikalia. Wakanuna, chakula changu wakakisusa.

Nikawaambia nuneni. Lakini nuneni hapa mbele yangu, niwaone wote.