Kabula Aliyekataa Kukatwa Mchanga

Mimi na Kabula tulianza kwa kugombania doti ya khanga. Nilikuwa nimetoka Tunduma na mzigo wa nguo na dagaa, nikatandaza turubai kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Mkwajuni, mahali ambapo miaka ile ya tisini mtu aliweza kuuza hata kivuli chake. Akaja mwanamke wa Kisukuma, mikono imepauka kwa vumbi la mawe, ameongozana na mwenzake.

"Doti moja, sisi wawili. Unapunguza nini?"

"Kwa nini nipunguze? Khanga haijui mmeinunua wangapi."

"Wewe unajua. Mmoja wetu peke yake hanunui. Tukiondoka, umepoteza wateja wawili kwa doti moja."

Nikapunguza. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Hasamba, nimekulia kwenye kahawa ya baba, shule niliiacha mapema, na kuuza sikufundishwa na mtu. Nikikutana na anayenizidi simchukii. Namweka akilini.

Baadaye dhahabu ikakimbilia chini, maji yakajaa mashimoni, na wanaume wakaanza kuondoka kufuata tetesi za machimbo mengine. Justine, mume wa Kabula, alikwenda Geita akasema atatuma. Kabula akabaki na watoto wawili na karai lake. Kazi yake ilikuwa kuosha dhahabu kwa ujira wa wenye mashimo, na sasa hapakuwa na cha kuosha.

Hapo ndipo serikali ilipokuja na mpango wake. Kwenye mkutano wa kijiji bwana shamba alisema dhahabu imekwisha lakini watu hawajaisha. Waliobaki machimboni wapewe mashamba na mbegu ya ufuta ya kuanzia, na mnunuzi yeyote mwenye leseni aruhusiwe kununua, si ushirika peke yake kama zamani. Sharti lilikuwa kwamba shamba lisilolimwa msimu wa pili linarudi kijijini.

"Kwa hiyo sisi sasa ni wakulima?" mchimbaji mmoja akauliza.

"Bado ni wachimbaji," bwana shamba akamjibu, "ila shimo lenu limekuwa fupi."

Watu walicheka. Mimi nilikwenda kukata leseni.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo Kabula haeleweki. Mkulima wa bondeni huku alikuwa akipiga ufuta wake chini, juu ya udongo, kwa hiyo mchanga uliingia. Sisi wanunuzi tukawa tunakata uzito wa mchanga kwenye kila gunia, hata kabla ya kulifungua. Mkulima akishajua atakatwa, anaongeza mchanga kwa makusudi. Nasi tukishajua ameongeza, tunakata zaidi. Kila mmoja alijiona mjanja. Kumbe tajiri wa Dar es Salaam niliyempelekea naye alikuwa akinikata mimi, tena bila salamu, na ufuta wa huku kwetu akiuita kokoto.

Siku ya kwanza ya Kabula kuuza, mpimaji wangu Anyelwisye aliweka gunia lake kwenye mizani akasema, kama kawaida, "Toa ya mchanga."

"Mchanga uko wapi?" Kabula akauliza.

"Humo ndani."

"Umeuona?"

"Dada, ufuta wote una mchanga. Hata wa bwana shamba."

"Basi kamkate bwana shamba."

Nilikuwa nimeshaulizia habari zake. Mwenye maksai alikuwa amekataa kumlimia tena kwa ahadi. Asipouza vizuri siku ile, maksai hawaji, na shamba linachukuliwa. Ingebaki kurudi Usukumani kwa nauli ya kuomba. Mfanyabiashara akishajua shida yako, amekupima kabla ya mizani. Nikamwambia nitamkata nusu tu, kwa kuwa ni mgeni wa kilimo.

Alimtuma mwanawe nyumbani, akarudi na lile karai. Kabula akachota ufuta wa kwenye gunia lake, akaanza kulizungusha karai vilevile walivyokuwa wakiosha dhahabu, ila bila maji: kuzungusha, kutikisa, kuinamisha. Kizito hushuka, chepesi hupanda. Akaumwaga ufuta wa juu taratibu juu ya turubai mpaka karai likabaki tupu, chini hakuna kitu. Halafu akaenda kwenye gunia la jirani yake, Kalisti, tulilokwisha kulinunua, akafanya hivyohivyo. Chini ukabaki mchanga, umejikunja ukingoni kama mwezi mwandamo.

"Kalisti, umepata dhahabu," mtu akasema.

"Huo mchanga ni wangu halali," Kalisti akajibu. "Sikuuiba kwa mtu."

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu foleni yote ilikuwa inaniangalia. Nikimlipa yeye bila kukata, na wengine watadai. Nikimkata, wote wameona kwamba nakata hewa.

"Mayu," Kabula akaniambia, kwa heshima ya Kisukuma anayopewa mama, "nilipe uzito wangu wote. Mzigo wa leo uliobaki nitakuoshea mimi na wenzangu wa machimboni. Kila mtu alipwe ufuta wake, na mchanga wake aubebe arudi nao."

Nilikubali. Huruma haikuwamo. Nilipiga hesabu ya tajiri wa Dar na kokoto zake, nikaona mwanamke huyu ananiuzia kitu ambacho sikujua kinauzwa.

Alilipwa, maksai wakaja, shamba likalimwa. Msimu uliofuata mchanga ulipungua wenyewe, maana hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na mchanga kichwani mbele za watu. Wakaanza kupigia ufuta juu ya maturubai, ambayo, sitaficha, niliwauzia mimi. Tajiri wa Dar akaacha kunikata, baadaye akawa ananipigia simu kabla ya mavuno.

Watu husema mipango ya serikali huishia kwenye hotuba. Mingi, ndiyo. Huu uliwakutanisha mtu mwenye shamba na mtu mwenye leseni siku moja kwenye mizani moja, nami naushukuru mpaka leo. Nimejenga Tunduma kwa ufuta, si kwa khanga. Kabula ana maksai wake na nyumba ya bati Mkwajuni. Justine hakurudi, na nguvu niliyokuwa nayo ya kutaja bei peke yangu nayo haikurudi.

Mwaka jana, elfu mbili na kumi na nne, yeye na wenzake waliniuzia nusu ya mzigo wao. Nusu ya pili walimpa mnunuzi mgeni aliyenizidi bei. Nikamwambia Kabula, "Mimi ndiye niliyeanza na wewe."

"Ndiyo maana umepata nusu, mayu," akanijibu. "Wanunuzi wenzako wa zamani hata gunia hawakupata."

Nikapakia nusu yangu.